Mvua Mbele ya Hakimu

Mwaka 1859, katika nchi ya Wabari, kando ya Nile karibu na Gondokoro na Rejaf, mganga wa mvua aliyeitwa Nyigilo aliuawa na watu wake. Ukame ulikuwa umeleta njaa, naye akadhaniwa kuwa ndiye aliyeizuia mvua. Hapakuwa na kipimo cho chote, wala daftari la kuonyesha miaka iliyopita ilikuwaje. Ukavu wa ardhi ulitosha kuwa ushahidi.

Mvua ingali inafikishwa mbele ya hakimu, ingawa kwa mlango mwingine. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, huko Solai nchini Kenya, bwawa lilipasuka, wakafa watu zaidi ya 40. Baadaye watu kadhaa wakashitakiwa kwa kuua bila kukusudia. Katika shauri la namna hiyo sharti iulizwe: je, ilinyesha mvua isiyo na kifani, au kuta zilikuwa dhaifu? Kila shahidi atasema mvua ilikuwa kubwa. Kubwa kiasi gani? Hapo ndipo daftari la kituo cha hali ya hewa, linalojazwa kila siku saa tatu asubuhi, linaposhinda kumbukumbu za watu mia. Hata hivyo, lisiaminiwe kijinga: mvua ya radi huweza kulowesha ukingo mmoja wa mto na kuuacha wa pili mkavu, na kipimo kilicho mbali hakisemi kitu juu ya shamba la mtu.

Yafaa Rejaf iyatazame hayo. Huko mvua hunyesha kuanzia Aprili hadi Oktoba. Kina cha Nile kilianza kupimwa Mongalla, chini ya Juba, tangu mwaka 1905, lakini vita vya 1983 hadi 2005 vilivuruga kazi hiyo na kunyamazisha vituo vingi vya mvua. Basi mkulima ambaye mtaro wa barabara umemwagia maji shambani akienda kudai fidia, mpinzani wake atajibu kwamba ilikuwa kudra ya Mungu, na mkulima hana cha kumjibu.

Kipimo cha mvua si kitu cha gharama kubwa. Shule yaweza kukitunza, mwalimu akatia sahihi kila asubuhi. Siku zisizo na mvua nazo ziandikwe, maana wakili ataanza na pengo.