Kununua na Kufufua Msumeno Mkuukuu



Chama kitakacho kununua msumeno mkuukuu wa mnyororo katika maduka ya Kariakoo kisiridhike na kibandiko. Vifuniko huhamishwa, na Stihl 070, mashine ya sentimeta za ujazo 106 ipendwayo na wapasuaji mbao, ina za kuigiza nyingi. Tazameni namba iliyopigwa kwenye mwili wa injini, nayo iandikwe katika stakabadhi. Ikiwa imesagwa, acheni.

Kisha fungueni ekzosi, mchungulie pistoni. Ikiwa na mikwaruzo ya wima, ulizeni kwanza imeungua kwa nini. Hapa ndipo fedha za wanachama zinapopotea: fundi hutia pistoni mpya, msumeno ukanguruma juma moja, ukakwama tena. Mara nyingi sili za krankshafti zimekakamaa, hewa hupenya, petroli hupungua, na oili hupungua pamoja nayo, maana injini ya mapigo mawili hulainishwa na oili iliyochanganywa na petroli. Sili ni rahisi kuliko pistoni. Zibadilisheni kwa pamoja, na kabureta isafishwe.

Misumeno mingi ya zamani haina breki ya mnyororo. Mwanagenzi asikabidhiwe.