Damu Hunena Kwanza

Leo twapenda kunena juu ya ugonjwa uwajiao wanawake wajawazito bila kubisha hodi. Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Lakini mvua hii huweza kunyesha kungali kweupe. Mama hulima, huteka maji, hucheka na wenziwe, kumbe shinikizo la damu limekwisha kupanda. Asipotibiwa, huweza kupatwa na kifafa cha mimba, akafa yeye na mtoto wake. Majirani husema ni pepo. Sivyo.

Asili ya maradhi haya ni kondo la nyuma, lile limlishalo mtoto tumboni. Lisiposhika vema katika ukuta wa tumbo la uzazi, hupungukiwa na damu. Kisha huzidi kutoa protini iitwayo sFlt-1. Hiyo huinasa protini nyingine, PlGF, ambayo huisaidia mishipa ya mama ikae laini na wazi. Ndipo mishipa hukaza, shinikizo likapanda, na figo zikavujisha protini katika mkojo. Wataalamu wa Boston, katika Marekani, walilieleza jambo hili mwaka 2003. Na mwaka 2004 ikadhihirika ya kuwa sFlt-1 huanza kuzidi katika damu yapata majuma 5 kabla ya ugonjwa kuonekana.

Basi damu hunena kwanza, nayo sasa yaweza kusikilizwa. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba, kwa mama anayeshukiwa, sFlt-1 ikigawanywa kwa PlGF na jibu lisizidi 38, ni nadra sana ugonjwa kutokea katika juma lifuatalo. Tena Uingereza, katika jaribio la hospitali 11 lililotangazwa mwaka 2019, kupima PlGF kulipunguza muda wa kuutambua ugonjwa kutoka siku 4 na kitu hata pungufu ya siku 2.

Je, mahali kipimo hicho kisipofika, tukae tukilia? La, hasha. Kitambaa kile kifungwacho mkononi na kujazwa upepo, pamoja na kipimo cha mkojo, vyaweza kuokoa wengi. Shinikizo likifika 140 kwa 90 baada ya juma la 20 la mimba, mama achunguzwe upesi. Kichwa kikimuuma sana, macho yakiona ukungu, au akiumwa chini ya mbavu za kulia, aende hospitali siku ile ile. Huko iko dawa, magnesiamu salfeti; jaribio lililotangazwa mwaka 2002, la nchi 33, lilithibitisha kwamba hupunguza hatari ya kifafa kwa zaidi ya nusu.

Enyi akina baba, nauli ya kwenda kliniki na itengwe mapema kama mbegu za kupandia. Nasi walimu tuwafundishe vijana wetu, wake kwa waume, ili neno hili lifike kila kijiji: mama mjamzito apimwe hata akijiona mzima, maana ugonjwa huu haungoji kuitwa.