Kufuli na Bawaba
(Hotuba niliyoisoma mbele ya wanafunzi wa zamani, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Katibu aliponiandikia kuniomba nizungumze, nilidhani anataka niseme juu ya miaka yangu katika kazi ya usafirishaji. Kumbe sivyo. Alitaka niwaeleze namna ya kulinda vifaa vinavyofungwa nje ya gari, kwa sababu katika mkutano uliopita ndugu zetu wawili waliegesha magari yao nyuma ya bweni, na asubuhi mmoja hakuwa na tairi la akiba, na mwingine hakuwa na madumu ya mafuta. Kwa kuwa wengi wenu sasa mna mashamba, machimbo, au biashara ya kupeleka wageni mbugani, na mnatembea na magari yaliyobeba nusu ya mali yake nje, nimeona ombi hilo ni la haki.

Niruhusuni nianze na tranka. Nilipoingia kidato cha kwanza baba alininunulia tranka la bati na kufuli kubwa kuliko kichwa changu. Wiki ya pili nilirudi bwenini kutoka shambani, nikakuta kufuli liko pale pale, limefungwa barabara, lakini sukari na karanga hazimo. Mwenzetu mmoja, ambaye simtaji kwa kuwa amekaa meza ya tatu na sasa ni babu wa watu, alikuwa amechomoa vipini vya bawaba kwa nyuma, akafungua tranka kinyumenyume, akala, kisha akarudisha vipini mahali pake kwa adabu kabisa. Siku ile nilijifunza kwamba mwizi hana haja ya kushindana na kufuli. Yeye hutazama bawaba. Somo hilo mtalisikia tena na tena katika maneno yangu ya leo.

Sasa nije kwenye jambo zito zaidi, ambalo sijapata kulisema hadharani.

Mwaka 1984 nilikuwa ofisa wa usafirishaji katika wilaya moja ya kusini. Wale mnaoifahamu njia ya Lindi kwenda Dar es Salaam kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 mnajua maana ya Ndundu. Pale mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni, na wakati wa masika watu walilala kwenye foleni. Tulifika jioni na Land Rover, tairi la akiba likiwa juu ya boneti na madumu mawili ya lita 20 yakiwa yamefungwa nyuma kwa mikanda. Utingo wangu, kijana wa miaka ishirini hivi, alikuwa ameniomba siku mbili kabla tununue mnyororo. Nilimjibu kwamba gari la serikali halihitaji mnyororo. Usiku, tukiwa tumejilaza ndani na mvua ikipiga turubai, aliniamsha akasema amesikia chuma kikigonga. Nikamwambia alale.

Asubuhi tairi halikuwapo, wala madumu.

Tulivuka hivyo hivyo. Baada ya Ikwiriri tukapata pancha, na tukakaa mchangani hadi kesho yake mchana. Lakini tabu ile ilikuwa ndogo. Siku zile tairi jipya lilipatikana kwa kibali, na mwaka mmoja tu kabla, yaani 1983, nchi ilikuwa imeingia katika vita dhidi ya wahujumu uchumi. Tairi la serikali kupotea halikuwa mchezo. Niliporudi niliulizwa nani alikuwa akitunza vifaa vya gari. Nikaandika taarifa kwamba vifaa vilikuwa mikononi mwa utingo. Sikuandika kwamba alishauri mnyororo. Sikuandika kwamba aliniamsha. Kila neno nililoliandika lilikuwa la kweli, na taarifa yenyewe ilikuwa ya uongo. Kijana akaachishwa kazi.

Miezi mitano baadaye polisi walikamata matairi kadhaa katika banda la mtu. Moja lilikuwa na namba ya gari letu, imegongwa kwa patasi upande wa ndani wa rimu. Aliyeigonga alikuwa ni yule yule utingo, kwa akili yake mwenyewe, bila kuagizwa na mtu. Mkono wake ndio uliomtoa lawamani, na mkono wangu ndio uliomtia. Nilikwenda kijijini kwao na barua ya kumrudisha kazini. Nilimkuta shambani kwake kwenye mikorosho. Aliisoma barua, akaikunja, akanirudishia. Akanikaribisha uji. “Yamekwisha, bwana mkubwa,” akasema. Kazini hakurudi.

Ndugu zangu, kitu kikiibwa mahali ambapo hakikufungwa, shaka huwaangukia walio karibu: utingo, mlinzi wa usiku, kijana wa kuosha magari. Kwa hiyo nunueni kufuli kwa ajili ya mwizi, lakini hasa kwa ajili ya hawa. Yafuatayo ndiyo niliyojifunza tangu siku ile.

Kwanza, punguzeni vilivyo nje. Dumu la lita 20 lililojaa dizeli lina mafuta ya karibu kilo 17. Mtu mmoja hulibeba na kutokomea nalo gizani bila kuhema. Jembe, koleo, kamba na dumu tupu ni vyepesi zaidi. Kila jioni viingizeni ndani, na kinachobaki nje kiwe kile tu kisichoweza kuingia.

Pili, fikirini spana. Kifaa kilichofungwa kwa nati ya kawaida hufunguliwa kwa spana ya kawaida, na spana ya namba 13, 17 au 19 imo katika mfuko wa kila fundi. Kwa taa za ziada, keria na winchi, tumieni nati maalumu zenye ufunguo wake, japo moja katika kila kifaa. Kama bolti ina tundu la pembe sita kichwani, tieni gundi ya chuma na mgongee humo gololi ya beringi inayobana. Spana haitaingia tena. Kifaa kisichotarajiwa kufunguliwa kamwe, nati yake ichomelewe tone moja tu. Ila kabla ya kuchomelea chochote, ondoeni waya za betri, msije mkaunguza vyombo vya umeme vya gari.

Tatu, tairi la akiba. Katika pikapu nyingi tairi huning’inia chini kwa nyuma, na hushushwa kwa mpini unaopenya karibu na bampa. Mpini kama huo mwizi naye anao. Pitisheni mnyororo wa chuma kigumu katika tundu la katikati la rimu, kisha uzungushwe kwenye boriti ya chasisi yenyewe. Msiuzungushe kwenye bampa wala kwenye kishikio kilichofungwa kwa bolti mbili, maana hizo ndizo bawaba za tranka langu. Mnyororo uwe mfupi, usifike chini. Ukigusa ardhi, mwizi huuweka juu ya jiwe akaupiga nyundo, au hukanyaga mkono mmoja wa mkasi wa kukatia chuma akaukandamiza wa pili kwa uzito wa mwili wake wote. Uvisheni kipande cha tyubu kuukuu ili usikwaruze wala kupiga kelele njiani.

Nne, kufuli lenyewe. Chagueni lile ambalo chuma chake kilichopinda ni kifupi na kinene, na likifungwa halibakizi nafasi ya kupenyeza mkasi wala nondo. Tundu la ufunguo litazame chini, na mlifunike kwa kipande cha mpira kuzuia tope. Msitie oili, kwa sababu oili hukamata vumbi la njia zetu na kuligeuza simenti. Tieni unga wa risasi ya penseli. Na lifungueni kila mwezi, hata kama hamna haja. Kufuli lililokaa mwaka mzima bila kufunguliwa si kufuli tena, limekuwa kama limechomelewa.

Tano, wenye malori. Betri iwekwe katika sanduku la chuma ambalo bawaba zake ziko ndani, na bolti za kulishikilia nazo zifikiwe kwa ndani tu. Tangi la mafuta liwe na kifuniko cha ufunguo na wavu wa chuma shingoni ili mpira wa kunyonyea usipite. Lakini msisahau kizibo cha chini cha kumwagia mafuta. Nimeona tangi lenye kufuli zuri sana juu, limekaushwa lote kwa chini.

Sita, alama. Gongeni namba ya gari mahali pawili, moja ionekane na nyingine ijificha. Ile inayoonekana humpunguzia mwizi bei, na iliyofichika huwasaidia polisi. Pigeni picha za kila kifaa na namba zake mziweke katika simu. Siku hizi wengi mna vifaa vya kuonyesha gari liko wapi kwa setilaiti. Ni vizuri, lakini vitawaambia gari lipo pale pale wakati tairi lake limekwisha kwenda zake.

Saba, kuegesha. Gari lenye vifaa nyuma ligeuzieni mgongo ukuta, karibu kabisa, ili hata mkono usipite. Simameni kwenye mwanga na karibu na watu. Wale ndugu zetu wawili walichagua kivuli nyuma ya bweni, na sisi sote tuliosoma hapa tunajua mambo yaliyokuwa yakifanyika nyuma ya bweni.

Nane, funguo. Hapa ndipo waangalifu wanapojinasa wenyewe. Vifaa hivi tumevibeba kwa ajili ya shida, na shida huja usiku, mvua ikinyesha, gari limezama hadi mhimili. Tairi lililofungwa chini halitatoka gari likiwa limekaa tumboni, na koleo ambalo ufunguo wake umebaki nyumbani ni mzigo tu. Nunueni makufuli yanayofunguliwa kwa ufunguo mmoja. Mmoja ukae na dereva, wa pili ukae na mwenzake. Msiufiche juu ya gurudumu, kwani hapo ndipo mwizi hupapasa kwanza. Kizima moto na sanduku la huduma ya kwanza visifungwe kufuli hata siku moja. Vikae ndani, karibu na mkono.

Ndugu Mwenyekiti, sitaki kuwadanganya wenzangu. Leo kuna grainda za betri zisizohitaji waya, na hakuna mnyororo ambao grainda haitaukata mwishowe. Tunachonunua ni muda na kelele. Tunamlazimisha mwizi afanye kazi ndefu yenye makelele, ili mtu apate kusikia.

Lakini kusikia peke yake hakutoshi. Kijana wangu alisikia. Kwa hiyo neno langu la mwisho halihusu chuma. Yule anayelala na gari lenu mpeni heshima yake na blanketi lake, na mumsikilize anaposhauri. Na akiwaamsha usiku, amkeni.

Baada ya chakula nitakuwa pale kwenye mwembe mkubwa na minyororo miwili, makufuli matatu, patasi na nyundo. Atakaye kugongewa namba kwenye rimu yake aje, ni bure. Yule bwana wa meza ya tatu naye anakaribishwa, ila asije na kijiko.