Sheria Mpya, Ramani ya Zamani

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma, Tegeta)



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo mwananchi huliuliza kila siku kwenye dirisha la ofisi, nasi mara nyingi humjibu kwa haraka kuliko inavyostahili. Sheria ya mipango miji inapobadilika, yale maeneo yaliyokwisha kutengwa chini ya sheria ya zamani, hapa makazi, hapa viwanda, hapa biashara, pale uwanja wa wazi, hubaki na hali gani?

Yafaa kwanza tukumbuke asili yake. Waingereza waliugawa mji wa Dar es Salaam katika maeneo matatu kwa aina ya majengo: nyumba za kizungu, nyumba za biashara na makazi, na nyumba za wenyeji. Sheria haikutaja rangi ya mtu. Ilitaja rangi ya nyumba yake, na matokeo yakawa ni yale yale. Ndiyo Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Mpango wa mwaka 1949 uliyaita maeneo hayo kwa lugha ya adabu zaidi, ujazo mdogo, ujazo wa kati na ujazo mkubwa, na maneno hayo yangali katika michoro yetu hadi leo, ingawa wengi tunaoyaandika hatujui yametoka wapi. Baada ya Uhuru ikaja mipango ya 1968 na 1979, yote miwili ikiwa imetayarishwa na wataalamu kutoka Kanada.

Sheria iliyosimamia kazi hiyo ilikuwa ile ya mwaka 1956. Ilidumu kwa miaka hamsini na ushei, mpaka ikafutwa na Sheria ya Mipango Miji, namba 8 ya mwaka 2007. Sasa basi, wapo wanaodhani kwamba sheria ilipofutwa, na ramani zake zilifutwa pamoja nayo. Hivyo sivyo. Kufutwa kwa sheria hakufuti haki iliyopatikana kihalali chini yake, na mchoro uliokwisha kuidhinishwa huendelea kutumika mpaka ubadilishwe au mwingine uchukue nafasi yake. Aliyepewa kiwanja cha makazi mwaka 1985 anacho kiwanja cha makazi. Lakini yafuatayo nayo ni kweli: akitaka kufungua baa katika nyumba ile, umri wa hati yake haumsaidii kitu. Hana budi kuomba mabadiliko ya matumizi kwa mamlaka ya upangaji, ambayo ni halmashauri, majirani wasikilizwe, na akikubaliwa, sharti lililoandikwa katika hati libadilishwe.

Tuje hapa kwetu. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilianza kuzalisha mwaka 1966, wakati ambapo mtu wa mjini aliihesabu Tegeta kuwa ni shamba. Kiwanda kiliwahi, nyumba zimekifuata. Leo anayelala karibu na machimbo hulalamikia vumbi, na ana haki ya kulalamika, kwani pafu halisomi ramani. Hata hivyo afisa hawezi kumwambia mwenye kiwanda kwamba eneo lake limegeuka makazi kwa sababu tu watu wamejenga. Mgogoro wa ardhi ya Chasimba, uliofika mpaka mahakamani, umetufundisha jinsi gharama inavyokuwa kubwa kwa pande zote pale ramani na maisha yanapoachwa yaende njia mbili kwa miaka mingi bila mtu kusema neno.

Barabara ya Bagamoyo nayo, tangu ilipopanuliwa kati ya Mwenge na Tegeta, imegeuza vyumba vya mbele kuwa maduka, maghala na zahanati. Hapa sioni sababu ya kumwandama mama mwenye duka dogo kana kwamba amevunja mji. Ikiwa mtaa mzima umegeuka, kosa si la mtaa peke yake. Ni la sisi tuliouacha mchoro ulale kabatini. Jambo la haki ni mchoro huo upitiwe upya kwa uwazi, mtaa mzima kwa pamoja, badala ya kila mmoja kuja peke yake mlangoni na bahasha yake. (Mnacheka, lakini mnajua ninachosema.)

Nililolijia hasa ni viwanja vya wazi, na hapa nasema na walimu. Eneo ambalo mchoro wa zamani uliliandika kuwa uwanja wa michezo au eneo la shule halikugeuka mali huria mwaka 2007. Atakuja mtu mwenye gari zuri na karatasi yenye mihuri, aseme mchoro ule ni wa sheria iliyokufa. Mwulizeni jambo moja: mchoro uliobadilisha matumizi ya eneo hili ni namba gani, na uliidhinishwa lini? Barua si mchoro. Risiti si mchoro. Kama mabadiliko yalifanywa kihalali, namba ipo na tarehe ipo, nanyi mtaiona. Kama haipo, uwanja ni wa watoto.

Kwa hiyo nawaomba walimu wakuu waende halmashauri wiki hii, wakiwa na barua ya kamati ya shule, wakaombe nakala ya mchoro wa eneo lao, waitundike ofisini mahali ambapo kila mzazi aingiaye ataiona. Nanyi watumishi wenzangu wa masjala, wakifika, msiwaambie warudi kesho.

Maswali nitayapokea sasa. Yule mwalimu wa Boko alikuwa ameinua mkono tangu mwanzo.