Dereva, Leseni Yake na Siku Kumi

Maneno haya yalisemwa kwa redio, nayo yamechapwa hapa ili uyasome tena pole pole, peke yako au pamoja na kikundi chako. Asiyejua kusoma na asomewe. Mwisho utakuta maswali ya kuzungumza.

Somo la leo lamhusu mtu aliyekamatwa kwa kuendesha gari au pikipiki akiwa amekunywa pombe, kisha leseni yake ikazuiwa au ikafutwa. Je, anaweza kuipinga amri hiyo? Naam, anaweza. Lakini njia yake ni nyembamba, na ina siku za kuhesabiwa. Wengi hawashindwi kwa sababu hawakuwa na neno la kusema. Hushindwa kwa sababu walilisema mahali pasipo pake, au baada ya siku kupita.

Ukienda stendi ya Bweri alfajiri utaona jinsi leseni ilivyo jembe la watu. Dereva wa basi la Mwanza, dereva wa gari la kwenda Sirari, kijana wa bodaboda, wote wanakula kwa kile kikadi kidogo. Nyuma yao wapo mke, watoto na wazazi. Mtu akinyang'anywa leseni, nyumba nzima inapata taabu.

Lakini abiria naye ana nyumba yake. Tarehe 5 Septemba 2014, mabasi mawili yaligongana Sabasaba, katika njia ya Musoma na Mwanza, na watu zaidi ya thelathini walipoteza maisha. Siitaji ajali hiyo kwa ajili ya pombe. Naitaja ili ukumbuke kwamba roho nyingi zimo mikononi mwa dereva mmoja. Ndiyo maana sheria ni kali, wala somo hili halifundishi mlevi jinsi ya kuponyoka. Lafundisha jinsi ya kupata haki yako, kama ipo.

KWANZA, UJUE UMESHTAKIWA KWA KOSA GANI

Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, nayo imerekebishwa mara kadhaa. Haisemi kwamba kunywa pombe ni kosa. Inakataza mambo mawili mbalimbali. La kwanza ni kuendesha gari hali umelewa hata huwezi kuliongoza sawasawa. La pili ni kuendesha hali pombe iliyomo katika damu yako imepita kiasi kilichowekwa, nacho ni miligramu 80 katika kila mililita 100 za damu.

Makosa haya yanafanana, lakini ushahidi wake si mmoja. Kosa la kwanza huthibitishwa kwa mwenendo: gari liliyumba, dereva hakuweza kusimama, maneno yake yalichanganyika. La pili huthibitishwa kwa hesabu ya kipima ulevi au ya damu iliyopimwa. Harufu ya pombe kinywani haithibitishi hesabu. Kwa hiyo uombe kusomewa hati ya mashtaka, na uandike kifungu kilichotajwa. Huwezi kujibu shauri usilolijua.

PILI, BARABARANI NA KITUONI

Polisi akikusimamisha, simama. Akikutaka upulize kipima ulevi, puliza. Kukataa bila sababu ya haki kutakutia katika shauri jingine. Usitoe fedha ya siri, kwa maana rushwa ni kosa kubwa kuliko lile la kwanza.

Baada ya kupuliza, omba kwa adabu uonyeshwe hesabu. Iandike, pamoja na saa uliyosimamishwa, saa uliyopimwa, mahali, na majina ya watu waliokuwapo. Ukiambiwa utie sahihi maelezo, yasome kwanza, au usomewe. Neno usilolisema liombe lirekebishwe kabla ya sahihi.

Hapa watu wengi hudanganyana juu ya pombe yenyewe. Husema kahawa nzito, maji baridi au ndimu huondoa ulevi. Si kweli. Ini ndilo linaloiondoa pombe, na halina haraka. Kwa watu wengi hupungua karibu miligramu 15 hivi kwa saa katika kile kipimo cha mililita 100. Kwa wengine chini ya hapo, kwa wengine zaidi. Piga hesabu. Mtu aliyefika 200 saa sita za usiku, ikifika saa kumi na mbili asubuhi huenda bado anayo 110. Amelala, ameoga, amekunywa chai, na bado amepita kiasi. Akipanda gari la kwanza pale stendi, amevunja sheria wala hajui.

TATU, NANI ALIYEICHUKUA LESENI?

Kuna leseni kushikwa, na kuna leseni kufutwa. Polisi akiishika wakati wa upelelezi, bado hujahukumiwa. Omba maandishi ya kuonyesha kwamba ameishika. Mahakama ndiyo iliyopewa uwezo, baada ya kukuona una hatia, kuamuru leseni ifutwe na kukuzuia usipate nyingine kwa muda itakaoutaja.

Ikiwa ofisi fulani imekufungia leseni bila ya kukufikisha mahakamani, usigombane na karani wake. Omba barua inayosema mambo manne: nani ameamua, kwa kifungu gani, kwa muda gani, na malalamiko yapelekwe wapi. Katiba yetu ya 1977, katika ibara ya 13, inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na haki ya kukata rufaa, pale haki zake zinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine. Uamuzi wa ofisi waweza kupelekwa Mahakama Kuu ili uchunguzwe, na ombi la ruhusa ya kufanya hivyo hupelekwa ndani ya miezi 6. Kwa kazi hiyo yafaa upate mwanasheria.

NNE, ANGALIA NENO UNALOLIJIBU

Tuchukue mfano wa kutunga. Dereva mmoja alipeleka dagaa Bunda. Jioni alikunywa bia mbili na rafiki zake, kisha akarudi. Alipopita Makutano alisimamishwa, akapimwa, akalala kituoni. Asubuhi mwenzake wa mahabusu akamwambia, "Wewe kubali tu, ndugu yangu, utatozwa faini uende zako." Alipofika mbele ya hakimu akasomewa shtaka, naye akajibu, "Ni kweli, mheshimiwa, nilikunywa." Ikaandikwa kwamba amekiri. Kaka yake akalipa faini. Walipokwenda kwa karani kuchukua leseni, wakaambiwa imefutwa.

Tazama jibu lake. Alisema amekunywa. Lakini tumekwisha ona kwamba kunywa si kosa. Je, alikiri kwamba alishindwa kuliongoza gari? Hakusema hivyo. Je, alikiri kwamba alipita miligramu 80? Hakusema hivyo pia.

Mwaka 1973 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri la Adan lililotoka Kenya, iliweka utaratibu ambao mahakama zetu zinaufuata hata leo. Mshtakiwa asomewe shtaka na kila jambo linalolifanya kuwa kosa, kwa lugha anayoielewa. Jibu lake liandikwe, kwa kadiri inavyowezekana, kwa maneno yake mwenyewe. Akikiri, mwendesha mashtaka aeleze mambo yalivyotokea, kisha mshtakiwa aulizwe kama ni kweli, au kama ana la kuongeza. Akipinga jambo la maana, kukiri kwake kufutwe na shauri lisikilizwe kwa mashahidi.

Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama. Kwa hiyo usione haya. Kama hukuelewa, sema, "Mheshimiwa, sijaelewa, naomba nielezwe tena." Kama yaliyoelezwa si kweli, sema ni lipi lisilo kweli. Na kama kweli ulilewa na ukaendesha, kiri wazi. Kukiri kwa kweli nako kuna heshima yake. Ila usikiri kwa kutaka kuwahi nyumbani.

TANO, KABLA YA AMRI

Mtu akionekana ana hatia, hakimu humwuliza kama ana neno kabla ya adhabu. Wengi husema, "Naomba msamaha, nina watoto." Neno hilo laweza kupunguza faini, lakini kwa leseni halina nguvu sana. Tangu zamani mahakama za Afrika Mashariki zilifuata kanuni iliyotoka Uingereza katika miaka ya 1940, kwamba sababu maalumu ya kumwachia mtu leseni yake itokane na jinsi kosa lenyewe lilivyotokea, si na hali ya mkosaji. Kwamba wewe ni dereva wa kazi, au kwamba familia itaona njaa, haikuhesabiwa kuwa sababu maalumu. Lakini kama ulikuwa umepumzika nyumbani, na jirani akaletwa mahututi, na usiku ule hapakuwa na dereva mwingine wa kumfikisha hospitali, hilo limo ndani ya tukio lenyewe. Liseme siku ile ile, na kama una shahidi mtaje.

SITA, SIKU KUMI

Sasa tumefika kwenye kiini cha somo. Hukumu au amri ikitolewa na mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, nawe hukuridhika, unazo siku 10 za kutoa taarifa ya maandishi kwamba unakusudia kukata rufaa. Taarifa hiyo ni fupi. Yatosha kutaja shauri, tarehe, na kusudi lako. Wala usingoje nakala ya hukumu ndipo uitoe. Nakala na taarifa ni mambo mawili: omba nakala kwa maandishi, na taarifa uitoe mara moja.

Baada yake, rufaa yenyewe, pamoja na sababu zake, hupelekwa Mahakama Kuu ndani ya siku 45 tangu hukumu. Siku ulizongoja kupewa nakala ya mwenendo wa shauri na ya hukumu hazihesabiwi. Kwetu Mara safari imepungua, maana Mahakama Kuu ipo hapa Musoma. Zamani rufaa zetu zilikwenda Mwanza.

Katika sababu zako usiandike kilio. Andika makosa: kwamba hesabu ya kipimo haikuletwa mahakamani, au kwamba sikusomewa maelezo ya tukio, au kwamba sikuulizwa neno kabla ya leseni kufutwa. Kosa moja lililo wazi lina uzito kuliko karatasi kumi za malalamiko.

Aliyekiri kosa mlango wake ni mdogo zaidi. Kwa desturi hupinga ukubwa wa adhabu au uhalali wake tu. Lakini mwaka 1983 Mahakama Kuu ilitaja hali ambazo kukiri kwenyewe kwaweza kupingwa: kama kulikuwa nusunusu au hakueleweki, kama mtu alikiri kwa kukosea au kwa kutofahamu, kama shtaka halikuonyesha kosa la kisheria, au kama kwa mambo aliyoyakubali asingeweza kutiwa hatiani. Dereva wetu wa dagaa, aliyesema tu "nilikunywa", anaweza kubisha katika mlango huo.

Na kama alikaa mwezi mzima nyumbani akisikitika? Bado anaweza kuomba Mahakama Kuu impokee nje ya muda, lakini lazima alete sababu ya kutosha. "Sikujua" si sababu ya kutegemea.

Jambo moja usilisahau. Kukata rufaa hakukurudishii usukani. Waweza kuomba amri isimamishwe mpaka rufaa isikilizwe, na mahakama ndiyo itakayoamua. Mpaka hapo usiendeshe. Ukikamatwa tena, umejiharibia shauri kwa mikono yako mwenyewe.

Huna fedha ya wakili? Iko Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, kwa ajili ya watu wasio na uwezo. Uliza mahakamani, au kwa afisa wa ustawi wa jamii, wapi utawapata wasaidizi wa kisheria. Nenda na karatasi zako zote, tena nenda katika zile siku kumi.

MASWALI YA KIKUNDI

1. "Nilikunywa" na "nimetenda kosa" ni maneno mamoja? Elezaneni.
2. Mtu alifika kipimo cha 170 saa sita za usiku. Ikiwa hupungua 15 kwa saa, saa kumi na moja alfajiri atakuwa na kiasi gani? Je, aendeshe?
3. Hukumu imetolewa tarehe 3. Taarifa ya kusudi la rufaa itolewe kabla ya tarehe gani kupita?
4. Katika kijiji chenu au stendi yenu, mnaweza kupatana vipi ili dereva aliyekunywa asishike usukani, na asione haya kusema, "Leo siendeshi"?