Mkono Ulioumia Usifichwe



Wengi wetu wa Likoni, Kisauni na Changamwe twala kwa jasho la mikono yetu: bandarini Kilindini, maghalani na juu ya malori. Tangu zama za makuli wa magunia hata hizi za makontena, mzigo mzito hauumizi mgongo peke yake. Kidole hubanwa kati ya kasha na ukuta. Mnyororo hukazwa na mkono ungali ndani. Pete hunaswa na msumari, nyama ikachunwa.

Twawaomba basi mvue pete, mvae glavu, na kabla ya kushusha mzigo mtandike vipande vya mbao, vidole vipate pa kutokea. Amri ya kuinua na itoke kinywani mwa mtu mmoja tu.

Lakini neno letu kubwa ni hili. Kibarua akiumia hufunga kitambaa akanyamaza, akichelea kukosa kazi ya kesho. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sheria ya fidia ya mwaka 2007 humlinda hata aliyeajiriwa kwa mdomo. Mwarifuni msimamizi siku ile ile, mbele ya shahidi. Tangu kuarifiwa, mwajiri ana siku 7 za kupeleka habari kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Nanyi mna miezi 12 ya kudai, tangu siku ya ajali.

Kidole kilichokatika hakioti tena. Haki yake msiiache ipotee nacho.