Rejista ya michango ifunguke hata kwa simu ndogo

Ndugu wanachama, nanyi wafadhili wetu, mmeuliza kwa nini rejista ya michango haikutengenezwa na React kama zile za kisasa. Ni juu ya mega.

React, ile Facebook walitoa mwaka 2013, ni chombo kizuri, sibishi. Lakini mara nyingi simu inapokea kwanza ukurasa mtupu, inavuta programu nzima ya JavaScript, kiisha ndiyo inarudi kuomba majina na hesabu. Mama mwenye simu ya zamani na rezo ya kukatika-katika anaangalia kaduara kanazunguka tu. Unite zimekwisha, mchango wake hajauona. Kesho atasema tumeukula.

Kwetu kazi hiyo inafanywa na seva. Django inasoma hesabu, inaandika ukurasa, inautuma ukiwa tayari, kama sahani iliyopakuliwa jikoni. Mtunza hazina akibonyeza «Imepokelewa», htmx inabadilisha mstari wa jina lile moja, si ukurasa wote. Na htmx yenyewe, ikibanwa, haifiki kilobaiti 20. Hesabu zote zinakaa katika faili moja ya SQLite.

Rezo ikikufa kabisa, ukurasa haufunguki. Hapo hakuna dawa. Kwa hiyo daftari la karatasi linabaki, na jioni linalinganishwa na rejista. Marekebisho yatafanywa na vijana wetu waliosoma Python. Pesa ya fundi wa mbali ibaki katika mfuko wa wagonjwa.